Kabla Hujaituma Ile Orodha: Kupima Hatari ya Mtu Kutambulika

Mkoani Kigoma dodoso za kaya hazikosekani: wakulima wa michikichi Buhigwe, wavuvi wa dagaa Uvinza, wagonjwa wa zahanati za Kasulu. Baadaye mfadhili au mtafiti huomba data. Majina yanafutwa, faili linatumwa, na wahusika wanaamini kazi imekwisha. Haijaisha. Wa kuogopwa zaidi si mdukuzi wa mbali. Ni jirani, shemeji au karani wa mwaloni, ambaye anajua tayari kwamba kijijini pale mjane mwenye watoto tisa ni mmoja tu.

Fanyia kazi nakala. Faili la asili libaki limefungwa kwa nywila. Kwenye nakala futa jina, simu, namba ya kadi ya kliniki na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa). NIDA ifutwe nzima, usibakize kipande: ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kuigeuza namba ya simu kuwa msimbo wa siri kwa programu nako hakusaidii sana, maana namba zote zinazowezekana nchini zinahesabika na kompyuta huzijaribu moja moja mpaka ipate inayolingana.

Sasa angalia yaliyobaki. Mwaka 2000 mwanasayansi wa kompyuta Latanya Sweeney alikadiria kuwa asilimia 87 ya watu wa Marekani wanaweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: msimbo wa posta, jinsia na tarehe kamili ya kuzaliwa. Kwetu vitu hivyo ni kijiji, jinsia, umri, kazi na idadi ya watoto. Jiulize: mtu wa kijiji kile anajua nini kuhusu mwenzake bila kuuliza? Kila anachokijua kiingie kwenye hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme kijiji kiko safu B, jinsia C, umri D, kazi E na idadi ya watoto F. Kwenye G2 ya Excel andika =COUNTIFS(B:B,B2,C:C,C2,D:D,D2,E:E,E2,F:F,F2) kisha vuta hadi mstari wa mwisho. Ukipata 1, mtu huyo hana wa kufanana naye. Ukipata 4, hatari ya kumpata ni 1 kwa 4, yaani asilimia 25. Ukiona 0, kuna kisanduku kitupu. Jaza "haijulikani" uhesabu upya. Kiwango cha chini kinachotumika mara nyingi ni 3 au 5. Kwa taarifa za afya tunashauri usishuke chini ya 5.

Wengine hujitetea kwamba walichukua sampuli tu, kwa hiyo hakuna ajuaye nani yumo. Mjini utetezi huo una uzito. Kijijini mdodosaji alifika na mwenyekiti wa kitongoji, akakaa chini ya mwembe, na kila mtu aliona nyumba alizoingia. Hesabu kana kwamba umedodosa kijiji kizima.

Mistari iliyo chini ya kiwango usikimbilie kuifuta. Panua makundi kwanza: umri uwe 15–24, 25–34 na kuendelea, kijiji kiwe kata, watoto saba na kuzidi wawe "7+". Kisha hesabu tena. Inayokaidi ndiyo ufute. Majira ya GPS (namba zinazoonyesha mahali) nayo yakatwe: desimali 4 huonyesha nyumba kwa takriban mita 11, desimali 2 ni kama kilomita 1.1. Kusini mwa Uvinza, ambako makazi yametawanyika, hata kilomita hiyo yaweza kuwa na kaya moja tu. Hapo ondoa majira kabisa.

Kuna mtego mwingine. Kundi linaweza kuwa na wanawake sita wa kata moja na umri mmoja, na wote sita wakawa wamejibu "ndiyo" kwenye swali la VVU. Hujamtambua yeyote, ila siri za wote zimetoka. Kwa kila safu nyeti hakikisha majibu ndani ya kundi yanatofautiana.

Majedwali yana kosa lake. Kata A wagonjwa 14, B 9, C 2, jumla 25. Ukificha 2 peke yake, msomaji anatoa 14 na 9 kwenye 25, anaipata. Lazima ufiche na B, au uunganishe B na C. Linganisha pia na ripoti ya mwezi uliopita: jumla ikitoka 25 hadi 26, aliyeongezeka anajulikana.

Hifadhi kwa CSV (faili la maandishi matupu), kwa sababu faili la kawaida la Excel huweza kubeba kurasa zilizofichwa na data ghafi nyuma ya majedwali ya muhtasari. Mpokeaji atie saini kwamba hatatafuta watu wala kuligawa faili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inakubana wewe uliyekusanya.

Mwisho, mpe faili mfanyakazi mwenzako aliyekula kiapo cha usiri na aliyezaliwa tarafa hiyo hiyo. Mwachie nusu saa. Akitaja jina hata moja kwa uhakika, rudi kwenye makundi uyapanue tena.