Mchanga wa tangi la maji chumvi: uweke sentimita ngapi?

Rafiki yangu alikuwa anabadilisha maji ya tangi lake la samaki wa baharini kila wiki, lakini nitrati, yaani kile kinachobaki taka za samaki zikioza, haishuki. Akaniita nimwangalizie pampu. Sikuigusa pampu. Niliegesha rula kwenye kioo nikapima mchanga: sentimita 7. Tatizo lilikuwa hapo.

Mchanga wa sentimita 2 hadi 4 hupitiwa na maji yenye oksijeni mpaka chini. Bakteria wake hugeuza amonia, sumu itokayo kwenye taka za samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati, na uchafu unaoingia humo unautoa mwenyewe kwa mpira wa kuvutia maji. Mchanga laini wa sentimita 10 hadi 15 una kazi ya ziada: chini kabisa oksijeni huisha, na bakteria wa huko huitumia nitrati na kuigeuza gesi ya naitrojeni, ambayo hutoka majini. Wa sentimita 6 au 7 una kina kikubwa mno kusafishwa vizuri, na mara nyingi sehemu yake isiyo na oksijeni ni ndogo mno kuleta nafuu. Unageuka ghala la kinyesi na mabaki ya chakula. Ushauri wangu ni chagua mmoja kati ya hiyo miwili, usikae katikati bila sababu.

Hatua ya 1: Anza na wanyama

Samaki wa jamii ya Halichoeres hulala ndani ya mchanga, kwa hiyo wape angalau sentimita 5 za mchanga laini. Hao ndio sababu pekee inayonifanya nikubali kina cha katikati. Wanaochimba mashimo wima wanataka 10 na kuendelea. Kama una matumbawe na samaki wasiochimba, sentimita 3 zinatosha. Na usinunue kiti cha pweza anayechekecha mchanga kwa ajili ya tangi dogo: hula minyoo na wadudu wote wa mchangani, kisha hufa njaa.

Hatua ya 2: Chagua punje

Napenda aragonaiti (mchanga wa madini ya chokaa) ya milimita 1 hadi 2 kwa mchanga wa kina kifupi, kwa sababu haipeperushwi na pampu. Kwa kina kirefu, chini ya milimita 1.

Hatua ya 3: Hesabu kilo

Zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, gawanya kwa 1,000 upate lita, kisha zidisha kwa 1.5. Tangi lenye kitako cha 90 kwa 45 likiwekwa sentimita 4 linahitaji kilo 24 hivi. Kwa sentimita 12 ni kilo 73, na meza lazima iubebe uzito huo pamoja na maji na mawe.

Hatua ya 4: Mawe kwanza, mchanga baadaye

Mawe yakae juu ya kioo cha chini. Yakikaa juu ya mchanga, mnyama mmoja anayechimba anaweza kuyaangusha. Osha mchanga mpaka maji yatoke safi, ndipo umwage.

Hatua ya 5: Kubadilisha kina kwenye tangi lenye wanyama

Hapa nendeni polepole, nawasihi. Mimi niliwahi kuchota mchanga wote wa tangi langu alasiri moja. Kufikia jioni maji yalikuwa kama uji, amonia imepanda, samaki wanahema juu ya maji. Nilikesha nikiwahamishia kwenye ndoo na kuchanganya maji mapya ya chumvi.

Siku hizi naondoa robo ya eneo kwa wiki. Nazima pampu, nauvuta mchanga kwa mpira mpana kuingia kwenye ndoo, kuanzia juu kwenda chini, bila kuukoroga. Maji ya ndoo hiyo hayarudi tangini hata yakituama yakawa safi. Kabla ya kuanza, kuwa na maji mapya ya kutosha, yenye joto na chumvi sawa na ya tangi. Kesho yake pima amonia. Ikionekana hata kidogo, robo inayofuata isubiri hadi ipotee.

Ukikuta weusi wenye harufu ya yai viza, harufu hiyo ni ya gesi ya haidrojeni salfaidi, na ni sumu kwa samaki. Hamisha wanyama kwanza, fungua madirisha, ndipo uendelee. Lakini mstari wa kijani kandokando ya kioo usikutishe peke yake, maana mara nyingi ni mwani uliopata mwanga. Mchanga wa kina kirefu unaofanya kazi vizuri acha kuuchimba kabisa.

Anayeongeza kina naye asimwage mchanga mpya juu ya uchafu wa zamani. Safisha kwanza, kisha ongeza sentimita 1 kila baada ya wiki mbili, ili wadudu wa chini wapate muda wa kupanda. Mimi huushusha kwa bomba linalofika karibu na sakafu ya tangi, pampu zikiwa zimezimwa, na matumbawe hayafunikwi na vumbi.

Rafiki yangu hana mnyama anayechimba, hivyo tumekubaliana ashuke mpaka 3. Robo ya kwanza tumeitoa Jumamosi. Jumapili amonia ilisoma sifuri. Robo ya pili tunaitoa Jumamosi ijayo.