Kusoma Lishe Mtandaoni Ukiwa Kisumu: Andika Kabla Hujapanda Ndege

Kama uko Lowell, Baltimore au Dallas, umejiandikisha kozi ya mwanzo ya lishe ili uombe nafasi ya uuguzi, na unapanga kuja nyumbani Juni huku ukiendelea nayo mtandaoni, kuna barua pepe moja ya kuandika kabla hujapanda ndege. Mwandikie mwalimu wa kozi, nakala kwa ofisi ya usajili. Sema utakuwa Kenya kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani, kwamba utaingia darasani kutokea huko, na kwamba mtihani utaufanyia huko. Subiri jibu. Lisipokuja, andika tena. Usisafiri na ahadi ya simu.

Nitalirudia hili mpaka ulichoke, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia.

Mengine ni mepesi. Hakikisha ni kozi ya lishe ya binadamu yenye krediti, yaani inayohesabiwa kwenye digrii, si zile za afya na mazoezi zinazotoa cheti tu. Uliza chuo unachokilenga kama kitaikubali na kinataka alama gani. Kwetu B ya Biolojia ya KCSE ni B ukienda Maseno na ni B ukienda Egerton, lakini Marekani kila chuo hujiamulia chenyewe kozi ya chuo kingine inahesabiwa au la. Mwenye diploma ya lishe ya KMTC asidhani itapita hivi hivi; itabidi vyeti vifanyiwe tathmini kwanza. Mwenye visa ya mwanafunzi, F-1, akumbuke kwamba katika muhula wa kawaida ni kozi moja tu ya mtandaoni, yaani krediti 3, inayohesabiwa kwenye mzigo wake wa masomo ya muda wote. Na saa: Juni, mashariki mwa Marekani wako nyuma yetu kwa saa 7, kwa hiyo kazi inayofungwa Jumapili saa sita kasoro dakika moja usiku kule, Kisumu inafungwa Jumatatu saa moja kasoro dakika moja asubuhi. Novemba wakirudisha saa zao nyuma, tofauti inakuwa saa 8. Basi.

Masomo yenyewe hayatakushinda. Gramu ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9, ya pombe 7. Protini gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili wa mtu mzima. Vitamini zipi huyeyuka kwenye maji na zipi kwenye mafuta. Aliyepita Home Science kwa mwalimu mkali anaijua nusu ya kozi. Kinachoangusha watu wetu si vitamini.

Sikiliza sasa. Sote tunaijua ile biashara ya usiku. Nakuru, Eldoret, Nairobi, vijana wenye digrii zao wanakesha wakiwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha na kazi za darasani kwa malipo. Huenda una binamu anayelipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo. Vyuo vya kule navyo vinaijua, na jina la Kenya limeshaingia kwenye hadithi hiyo. Kwa hiyo akaunti iliyofunguliwa jana Massachusetts ikifunguliwa leo Kisumu, mfumo haujiulizi kama mama yako amefanyiwa upasuaji wa goti na wewe ndiwe uliyekuja kumuuguza. Unajiuliza umemuuzia nani nywila yako.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa mama, mtaa wa Migosi, Kisumu. Mchana nyumba ile ni stendi: jirani anakuja kumjulia hali mgonjwa, wanawake wa chama wanaleta matunda, watoto wa dada yangu wanataka simu. Nikachagua kufanya mtihani saa nane usiku. Chumba nilikizungusha kamera kama ilivyotaka programu ya chuo inayosimamia mtihani kwa kamera: kuta nne, chini ya meza, kitanda, hata ndani ya sikio. Nikaanza. Katikati stima ikapotea, waifai ikazimika, nikarukia hotspoti ya simu. Haikupita muda mlango ukafunguliwa, mama huyo na fimbo yake, tochi mkono mmoja, chupa ya chai kwapani. Akaniuliza kwa Kijaluo mbona sijalala, na kama nitakunywa chai kabla haijapoa. Nikamwonyesha kwa mkono atoke. Akadhani namwambia aiweke mezani. Akaiweka, akasimama kidogo kuishangaa skrini, akaniombea heri, akatoka.

Programu iliandika hivi: mtandao umebadilika katikati ya mtihani, sura ya pili imeonekana, sauti ya mtu mwingine imesikika, lugha haijatambuliwa, mtahiniwa ametoa ishara ya mkono. Ukisoma orodha hiyo bila kumjua mama yangu, hata wewe ungenifunga.

Alama zikazuiliwa. Ikaja barua ya ofisi ya uadilifu wa kitaaluma. Nikaitwa kikaoni kwa video, nikatakiwa kutafsiri kila neno alilosema mama, na wao wakatafuta mtu wao wa kuhakiki tafsiri yangu. Mshauri wangu wa masomo alikuwa ameniambia kwa simu, kabla ya safari, kwamba kusoma kutoka Kenya hakuna shida yoyote. Kikao kilipofika alikuwa amehama kazi, na neno lake lilihama naye. Hakuna mahali lilipoandikwa. Mwisho wa yote nilionekana sina hatia, alama zikarudishwa, lakini wakati huo maombi ya uuguzi yalikuwa yameshafungwa na nakala yangu ya matokeo ilisomeka kozi haijakamilika. Mwaka mzima wa kungoja. Kwa chupa ya chai.

Kwa hiyo: andika kabla hujapanda ndege. Barua pepe yenye tarehe, yenye jina la nchi, yenye jibu lao chini yake.

La pili: usifanyie mtihani wenye kamera kwenye nyumba ya familia. Usiniambie kwenu ni watulivu. Usiniambie utafunga mlango kwa komeo, kwa sababu mlango uliofungwa kwa komeo usiku nyumbani kwetu maana yake mtu amezimia ndani, na watauvunja. Saiba pia hapana, kuna watu nyuma yako. Maktaba hapana. Kodi chumba cha gesti kwa usiku mmoja, upande usio na baa, na uulize kama wana jenereta linalojiwasha lenyewe. Chaji kompyuta mpaka ijae. Kama una waifai na bando, anza na ile unayoiamini na ubaki nayo. Ikikatika, mwandikie mwalimu dakika hiyo hiyo, usingoje kupambazuke. Taa iwe mbele yako, isiwe nyuma, maana programu hizi zimelalamikiwa sana na wanafunzi weusi kwamba haziwatambui nyuso. Pasipoti iwe karibu, na majina yake yafanane na ya chuo. Ukisajiliwa majina mawili na pasipoti ina matatu, maliza hilo mapema.

Sasa niseme na ninyi wa nyumbani, kwa mapenzi yote. Shangazi, mjomba, binamu: mtu akisema yuko kwenye mtihani, yuko kwenye mtihani, hata kama amejifunga leso na yuko peku. Chuo cha mtandaoni ni chuo. Msimtume dukani kwa sababu "si uko tu kwenye kompyuta". Salamu inaweza kungoja saa moja na nusu. Hatakufa, wala hajawadharau. Na wewe binamu wa Nakuru unayejitolea kumwandikia majibu ya majadiliano ya kila wiki ili "apumzike na mama", nia yako ni njema, lakini kaa mbali na akaunti hiyo. Ukiingia mara moja tu kutokea Nakuru wakati yeye yuko Kisumu, umemmaliza.

Hawa wenyeji wetu wa Marekani nao ni watu wa ajabu. Ana kwa ana ni wapole kupita kiasi. Barua zao zote zinaanza na matumaini kwamba uko salama. Lakini mamlaka wameikabidhi mashine, na ikishasema, mtu mzima mwenye shahada ya uzamifu anakaa kimya mpaka utaratibu umalizike. Programu ile ilitengenezwa na mtu mwenye chumba chake, mlango wake na kimya chake, ambaye mama yake humpigia simu kabla ya kumtembelea. Haikumjia kwamba dunia ina nyumba ambamo mtu kukaa peke yake usiku ni jambo la kufuatiliwa kwa chai. Na si sisi tu tunaolalamika: mwaka 2022 jaji wa shirikisho huko Ohio aliamua kwamba chuo cha umma kumlazimisha mwanafunzi kuzungusha kamera chumbani mwake kabla ya mtihani kulivunja haki yake ya kikatiba dhidi ya upekuzi usio halali. Hukumu hiyo haikuondoa ukaguzi huo kila mahali, ila ni vizuri ujue kwamba hata wenyewe wamefikishana mahakamani kwa jambo hili.

Mwelekeo huo huo utaukuta kwenye kazi ya kurekodi chakula chako cha siku tatu, ambayo kozi nyingi za lishe zinayo. Wanataka sahani ya mtu mmoja, kwa gramu. Wewe umekula na watu watano kwenye sinia. Jipakulie pembeni siku hizo tatu, nunua mizani ndogo ya jikoni, na wanaocheka wacheke. Programu ya darasa letu haikuujua ugali. Ilinipa unga mkavu wa mahindi. Ukipima ugali ulioiva halafu ukaujaza kama unga mkavu, kalori zinapanda zaidi ya mara mbili na unaonekana mlafi au mwongo. Pima unga kabla haujaingia sufuriani, ugawe kwa sehemu uliyokula. Omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, ikanibadilishia kuwa dagaa wa kopo waliolowa mafuta na chumvi, wakati omena ya kukaushwa ni kitu kingine kabisa. Tumia jedwali la viambata vya vyakula vya Kenya la mwaka 2018, lipo bure mtandaoni, lina vyakula vyetu na mapishi yetu. Kumbuka pia kuandika unga ni wa aina gani: wa pakiti kwa sheria ya tangu 2012 unatakiwa kuongezwa madini na vitamini, lakini ule wa posho mill kwa kawaida hauongezwi kitu, na madini ya chuma kwenye hesabu yako yatatofautiana. Muulize mwalimu kwanza kama jedwali la Kenya linakubalika. Kwa maandishi. Mimi wangu alikubali kwa furaha, akaniomba nakala.

Kama umeshashikwa tayari, usijibu barua ya kwanza ukiwa na hasira. Omba video yenyewe itazamwe na mtu, si orodha ya mashine. Omba orodha ya kila tukio na dakika yake, ujibu moja moja. Tafuta tiketi yako ya ndege, muhuri wa uhamiaji na karatasi ya hospitali inayoonyesha kwa nini ulikuwa Kisumu. Piga picha, tuma zote pamoja. Uliza kama chuo kina ofisi ya msuluhishi wa wanafunzi, vingi vinayo na watu wetu hawaijui. Na siku hiyo hiyo kiandikie chuo cha uuguzi unachoomba, uwaeleze kwamba alama ya kozi moja iko kwenye ukaguzi, uwaulize kama watapokea matokeo yaliyorekebishwa baada ya tarehe ya mwisho. Vyuo vingine hupokea, vingine hukataa. Ila ombi lililofika baada ya maombi kufungwa halisomwi na mtu.