Kiholanzi: "jij" ikihamia nyuma ya kitenzi, ng'oa ile -t

Kwa wanaoanza Kiholanzi: ukigeuza sentensi ya "jij" au "je" (yote mawili ni "wewe") kuwa swali, toa -t mwishoni mwa kitenzi. "Jij woont in Utrecht" (unaishi Utrecht) inakuwa "Waar woon je?" (unaishi wapi?), "Jij komt uit Kenia" (unatoka Kenya) inakuwa "Waar kom je vandaan?" (unatoka wapi?), na "Jij spreekt Swahili" (unazungumza Kiswahili) inakuwa "Spreek jij Swahili?" Hiyo -t hukaa pale tu jij inapotangulia. Ikifuata nyuma, kitenzi hurudi kwenye umbo la "ik" (mimi): ik woon, woon jij. Kwa hiyo huna umbo jipya la kukariri, na hata "ben jij" (wewe ni) na "heb jij" (wewe una) vinafuata njia hiyo hiyo.

Sheria hii haigusi "u", yaani "wewe" ya heshima unayomwambia mzee au mtu usiyemzoea, wala "hij" na "zij" (yeye wa kiume na wa kike): Waar woont u? Waar woont hij? Usiing'oe pia t iliyo sehemu ya mzizi: "Hoe heet je?" (unaitwa nani?) inabaki na t yake, maana hata ik ni "ik heet".

Panapowakwaza wengi ni "je" yenye maana ya "-ako". Katika "Waar woont je zus?" (dada yako anaishi wapi?) anayekaa ni dada, siyo wewe, hivyo t inabaki. Ukiwa na shaka, weka jij mahali pa je. "Waar woon jij?" inakubali, "Waar woont jij zus?" inakataa kabisa, basi usiguse t.