Kabla ya usaili wa uraia wa Marekani: jua kwanza ni serikali ipi inayozungumzwa

Waombaji wengi wa uraia wa Marekani hujiandaa kwa kukariri. Orodha ya maswali iko wazi kwa kila mtu, basi mtu huipakua kwenye simu, huisikiliza akienda kazini na kurudi, na baada ya muda huyatiririsha majibu kama aya za madrasa. Sina ugomvi na kukariri. Shida huja pale ofisa anapotaka mfano mmoja wa mamlaka ya jimbo, na mwombaji anajibu "kuchapisha fedha". Aliyeelewa kwamba Marekani kila mtu yuko chini ya serikali mbili kwa wakati mmoja, ya jimbo na ya shirikisho, na kwamba Katiba ndiyo inayozigawia kazi, hababaiki. Uelewa huo humfaa hata nje ya chumba cha usaili, maana makosa yanayowaponza wengi hutokea hapohapo, kwenye mpaka wa serikali hizo mbili.

Kwanza hakikisha unasomea mtihani unaokuhusu. Aliyewasilisha fomu N-400, yaani fomu ya kuomba uraia, kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025 hufanya mtihani wa 2008: maswali 100 ya kusomea, anaulizwa yasiyozidi 10, anahitaji kupata 6. Aliyewasilisha tarehe hiyo au baadaye ana maswali 128 ya kusomea, anaulizwa yasiyozidi 20, anahitaji 12. Kama unamsaidia mzazi, angalia umri wake na miaka aliyokaa na grini kadi siku ya kuwasilisha fomu. Mwenye miaka 50 na kuendelea aliyekaa nayo miaka 20, au mwenye 55 aliyekaa nayo miaka 15, hasamehewi maswali ya uraia, lakini anaweza kuyajibu kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Mwenye 65 na miaka 20 ya ukaazi hupewa orodha fupi ya maswali 20. Bibi aliyetoka Kivu na kuzeekea Ohio hana haja ya kuhangaika na Kiingereza usiku kucha iwapo ametimiza miaka hiyo.

Baada ya hapo, rudi nyuma ya Katiba yenyewe. Marekani ilijitangazia uhuru 1776, lakini Katiba iliandikwa 1787. Katikati palikuwa na mkataba wa ushirikiano ulioanza kutumika 1781, nao ulishindwa vibaya. Chini ya mkataba huo Bunge la pamoja halikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Liliomba michango, na majimbo yalitoa yalipopenda. Lilipopendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia ili kulipa madeni ya vita, Rhode Island peke yake ilikataa, na kwa kuwa kubadili mkataba kulihitaji majimbo yote 13 yakubali, mpango ukafa. Kila jimbo lilitoa uraia kwa masharti yake. Kisha mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts waliozidiwa na kodi na madeni, wakiongozwa na Daniel Shays aliyepigana vita vya uhuru, walianza kuzifunga mahakama kwa nguvu, na serikali ya pamoja haikuwa na jeshi la maana la kupeleka.

Hicho ndicho kilichowapeleka wajumbe 55 Philadelphia, Mei hadi Septemba 1787. Walikuwa wametumwa kurekebisha mkataba. Wakauweka kando na kuandika kitu kipya, kwa siri. Rhode Island haikutuma mtu. Waliotia saini mwishoni ni 39.

Mgogoro mkubwa mle ndani ulikuwa wa viti. Majimbo yenye watu wengi yalitaka uwakilishi kwa idadi ya watu, madogo yalitaka kila jimbo liwe sawa na jenzake. Suluhu ya Julai 16, iliyopitishwa kwa tofauti ya kura moja, ndiyo inayojibu maswali mawili matatu ya mtihani: Baraza la Wawakilishi hugawanywa kwa idadi ya watu, leo viti 435, na Seneti hutoa maseneta wawili kwa kila jimbo. Wyoming, jimbo lenye watu wachache kuliko yote, ina maseneta sawasawa na California. Ukiona haifai, uko pamoja na Wamarekani wengi, lakini Katiba inasema jimbo haliwezi kunyang'anywa usawa huo wa Seneti bila ridhaa yake lenyewe.

Suluhu nyingine ilikuwa chafu, na orodha ya maswali haikupi nafasi ya kuielewa vizuri. Majimbo ya kusini yalitaka watumwa wahesabiwe ili yapate viti vingi, ingawa watu hao hawakuwa na haki yoyote ya kupiga kura. Mkutano ukakubali watu watano walio utumwani wahesabiwe kama watatu, na biashara ya kuleta watumwa kutoka Afrika isipigwe marufuku kabla ya 1808. Kwa hiyo kila mtu aliyefungwa shambani Virginia aliongeza nguvu ya bwana wake Bungeni, na katika kumchagua rais. Marekebisho ya Katiba ya 13, 14 na 15, ya 1865, 1868 na 1870, yalikuja baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuyafuta hayo kwenye maandishi. Usiyasome marekebisho hayo matatu kama nambari tu.

Sasa mgawanyo wa mamlaka. Mkenya asije akayachukulia majimbo kama kaunti. Kaunti 47 ziliundwa na Katiba ya 2010, ilhali majimbo 13 yalikuwepo kabla, na Katiba ya Marekani ilipata uhai kwa idhini yao, Delaware ikiwa ya kwanza Desemba 1787. Mtanzania ana mfano ulio karibu zaidi: orodha ya mambo ya Muungano, ambapo kisichoorodheshwa Zanzibar hujiamulia. Ibara ya kwanza ya Katiba ya Marekani nayo inaorodhesha yaliyo mikononi mwa Bunge la shirikisho, mathalani kutangaza vita, kutengeneza sarafu, kusimamia biashara kati ya majimbo, na kuweka kanuni moja ya uraia kwa nchi nzima. Marekebisho ya 10 yanasema kisichokabidhiwa kwa shirikisho, wala kukatazwa kwa majimbo, ni cha majimbo au cha wananchi. Ndiyo sababu shule, polisi, zimamoto na leseni ya udereva ni majibu sahihi ya swali la mamlaka ya majimbo, na ndiyo sababu ukihama Texas kwenda Maine unabadilisha leseni, ila grini kadi yako ni ileile.

Mpaka huo, hata hivyo, umesogezwa mara nyingi. Mwaka 1819 Maryland ilijaribu kuitoza kodi benki ya taifa iliyokuwa na tawi Baltimore. Mahakama ya Juu, chini ya John Marshall, ilisema Bunge lina mamlaka ya kuanzisha benki hata kama haikutajwa kwenye orodha, na jimbo halina ruhusa ya kuitoza kodi. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Roscoe Filburn, mkulima wa Ohio. Sheria ya shirikisho ilimpangia ekari 11 na kidogo za ngano. Yeye akapanda 23, sehemu ya ziada ikiwa ya kulishia mifugo na kutumia nyumbani. Alipotozwa faini alidai kwamba ngano isiyotoka shambani si biashara kati ya majimbo. Mwaka 1942 majaji wote walimkatalia: wakulima wengi wakifanya hivyo, bei ya ngano nchini inatikisika. Tangu hapo neno "biashara" limebeba mizigo mingi, ingawa mwaka 1995 Mahakama hiyohiyo ilikataa kulinyoosha mpaka lihusu kubeba bunduki karibu na shule.

Haya yanakugusa hivi. Bangi imeruhusiwa na majimbo kadhaa; wapiga kura wa Colorado waliipitisha 2012. Sheria ya shirikisho bado inaikataza, na uraia ni suala la shirikisho. Mwombaji aliyeivuta kwa halali ya jimbo lake, au aliyeajiriwa kwenye duka linaloiuza lenye leseni zote, anaweza kukataliwa uraia kwa kukosa sifa ya mwenendo mwema. Zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu, usisubiri kueleza mbele ya ofisa.

La pili ni kura. Sheria ya shirikisho ya 1993 inayataka majimbo mengi yampe mtu nafasi ya kujiandikisha kupiga kura anapoomba leseni ya udereva. Karani anauliza haraka, foleni ndefu nyuma yako, unasema "yes" na kuweka saini. Fomu N-400 itakuuliza baadaye kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na asiye raia aliyepiga kura ya shirikisho anaweza kushtakiwa na hata kuondolewa nchini. Kuna miji, kama Takoma Park huko Maryland, inayowaruhusu wakazi wasio raia kuchagua diwani na meya. Kama umepiga kura ya namna hiyo, tunza ushahidi kwamba ilikuwa ya mji tu.

Haki za msingi pia zina historia yenye mpaka ndani yake. Marekebisho 10 ya kwanza, ya 1791, yaliibana serikali ya shirikisho peke yake. John Barron alikuwa na gati Baltimore. Ujenzi wa mji ukaleta mchanga hadi maji yakawa na kina kifupi na meli zikashindwa kutia nanga. Alidai fidia kwa Marekebisho ya 5, yanayokataza mali ya mtu kuchukuliwa kwa matumizi ya umma bila fidia, na mwaka 1833 akaambiwa hayamhusu, kwa kuwa aliyemdhuru ni mji, si shirikisho. Marekebisho ya 14, yanayoyabana majimbo yenyewe, ndiyo yaliyofungua njia, na katika karne ya 20 Mahakama ikazivusha haki hizo moja moja hadi kwenye majimbo, ikiwemo haki ya mshtakiwa maskini kupewa wakili, mwaka 1963.

Wiki ya usaili, hakiki majina: rais, spika, gavana wako, maseneta wako wawili. Jibu sahihi ni la siku unapoulizwa, si la siku kitabu kilipochapishwa. Mkazi wa Washington, D.C. hujibu kwamba hana seneta wala gavana, na hapo amejibu sawasawa.