Kabla hujalipia meli ya mtoni, omba ramani ya sitaha

Picha za matangazo ya meli za mtoni zinafanana zote: bilauri mbili, jua linazama, kasri juu ya kilima. Hapo huwezi kulinganisha chochote. Anza na mto, maana ndio uliozikata meli hizi kwa kipimo kimoja. Mfereji unaounganisha mito ya Main na Danube huko Ulaya, uliokamilika mwaka 1992, una malango ya maji (vyumba vya kupandisha na kushusha meli) yenye upana wa mita 12. Ndiyo maana meli nyingi zinazopita huko zina upana wa mita 11 na ushei, na urefu usiozidi mita 135. Kwa hiyo usiulize meli ipi ni kubwa, uliza imepakia watu wangapi. Kama moja inachukua abiria 190 na nyingine 130 kwa urefu uleule, ya pili ndiyo utakayopata meza karibu na dirisha bila kuwahi kama unakwenda kliniki.

Kisha ramani ya sitaha. Ikuze kwenye simu, utafute namba ya chumba unachouziwa. Sitaha ya chini kabisa ni nafuu, lakini dirisha lake ni dogo, liko juu kidogo ya maji, na kwa kawaida halifunguki. Juu yake utatajiwa “roshani ya Kifaransa”. Jina tamu! Ni mlango wa kioo wenye kizuizi mbele yake. Unafungua, unavuta hewa, basi. Kiti hakikai hapo. Chumba cha tezini, yaani nyuma ya meli, kinaweza kukulaza na mngurumo wa injini, na kilicho jirani na mapokezi hupata kelele za masanduku ya wanaoshuka alfajiri. Mandhari nayo si ya saa zote. Gatini meli hufungwa ubavu kwa ubavu, ukavuta pazia ukamkuta jirani anapiga mswaki.

Mwenye goti bovu asiulize kama lifti ipo, aulize inaishia wapi. Mara nyingi haifiki sitaha ya chini kabisa wala ile ya kuotea jua. Meli zikifungwa pamoja, unaweza kulazimika kukatiza meli ya wengine kabla hujakanyaga nchi kavu. Daktari kwa kawaida hamna, kwa hiyo dawa zako zitoshe safari nzima na siku kadhaa za ziada.

Bwawa, gimu na saluni zisikuchukulie muda. Bwawa lenyewe mara nyingi ni beseni lililokua. Hata sitaha ya juu hufungwa penye madaraja ya chini: viti hulazwa, na chumba cha usukani hushushwa. Vinywaji, ziara na bahashishi ndivyo vya kuhesabu, kwani meli ya bei ya chini inaweza kuipita ile ya bei ya juu ukishavijumlisha.

Halafu uliza: maji yakipungua? Oktoba 2018 kipimo cha usawa wa maji katika mji wa Kaub, kwenye mto Rhine, kilishuka hadi sentimita 25. Ukame ukibana hivyo, abiria hupelekwa kwa basi, au huhamishiwa meli nyingine iliyo ng'ambo ya sehemu yenye maji haba. Soma mkataba unasemaje kuhusu fidia. Kampuni yenye meli pacha kwenye mto huo hukuhamisha kirahisi zaidi, nawe beba sanduku unaloweza kulifunga ndani ya nusu saa.