Pakia mchezo wako mtandaoni tangu siku ya kwanza

Kwa yeyote anayejiandaa kwa mashindano ya aina ya Ludum Dare, yaliyoanza mwaka 2002 na ambayo kwa desturi humpa mshiriki aliye peke yake saa 48 za kutengeneza mchezo wa kompyuta baada ya mada kutangazwa, nashauri mchezo upakiwe mtandaoni tangu siku ya kwanza, hata kama kilichopo ni kisanduku kimoja tu kinachosogea kushoto na kulia. Wanaotoa alama ni washiriki wenzako, nao wana michezo mingi ya kupitia, kwa hiyo mchezo usiofunguka moja kwa moja kwenye kivinjari hurukwa kwa urahisi.

Kuna hitilafu ambazo kompyuta yako haitakuonyesha kamwe. Windows, kwa kawaida, haitofautishi majina ya faili Mpira.png na mpira.png, yanayopishana kwa herufi kubwa tu, ilhali seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi michezo mtandaoni, hutofautisha, na matokeo yake ni kwamba picha iliyokuwa ikionekana vizuri nyumbani hutoweka mara tu mchezo unapofunguliwa mtandaoni. Vivinjari navyo huzuia sauti mpaka mchezaji abofye mahali, na dawa yake ni kuweka kitufe cha “Anza” kabla ya muziki kupigwa. Hayo ni ya kurekebishwa akili ikiwa bado imetulia, si katika dakika za lala salama. Wanaoshiriki kwa kikundi, ambao kwa kawaida hupewa saa 72, ndio hasa hujisahau.