Kuacha Soda ya Kila Siku: Anza na Saa Unayoinywa

Watu wengi wanaoamua kuacha soda huapa siku ya Jumatatu asubuhi, na ikifika Jumatano wanakutwa wamesimama mbele ya friji ya dukani wakichagua chupa iliyoganda vizuri. Kwa maoni yangu, wanaponzwa na kudhani kwamba wanapambana na kiu. Kiu huja na kuondoka, lakini soda ya kila siku ina saa yake na mahali pake, na asiyezifahamu saa hizo atajikuta amekwisha kuinywa kabla hajakumbuka kiapo chake.

Mimi nilikunywa soda kila siku saa tisa alasiri, kwa miaka mingi, kwenye duka moja lililo karibu na Gerezani, Dar es Salaam. Mwenye duka akiniona navuka barabara alikuwa anatoa chupa, anaifuta umande kwa kitambaa, na kuiweka kaunta kabla sijamaliza kumsalimu. Kifungulio kilikuwa kimefungwa kwa kamba kwenye mlango wa friji, nami nilikishika bila hata kukitazama. Siku moja nilikuwa nimetoka kunywa maji lita nzima ofisini, sina kiu hata kidogo, na bado nilivuka barabara. Hapo ndipo nilipoanza kulitazama jambo hili kwa namna nyingine.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usipunguze chochote. Chukua daftari dogo, na kila unapokunywa soda andika saa, mahali, uliyekuwa naye, na hali uliyokuwa nayo: umeshiba wali maharage kwa mama ntilie na unataka kitu cha kushushia, umechoshwa na foleni ya Tazara, au usingizi umekushika ofisini Posta. Wiki ikiisha utaona kwamba nyakati zenyewe ni mbili au tatu tu, na kwamba zinajirudia. Wengi hugundua pia kwamba soda ya alasiri ni njaa: mtu amekunywa chai na chapati saa moja asubuhi, mchana hakula, na mwili unadai chakula. Huyo tiba yake ni kula mchana, au kuwa na ndizi mbivu na karanga mkobani.

Katika wiki hiyohiyo, fanya jaribio moja nyumbani. Chupa ya kioo ya kola yenye mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, yaani vijiko vya chai kama tisa. Chupa ya plastiki ya mililita 500 ina takriban gramu 53. Pima vijiko tisa vya sukari, vimimine kwenye glasi ya maji, ukoroge, kisha uonje. Hutamaliza glasi hiyo. Tunaweza kunywa kiasi hichohicho kwenye soda kwa sababu baridi hupunguza makali ya utamu na asidi huuficha, na ndiyo maana soda ya moto hutushinda mapema. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, kiasi ambacho kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku ni gramu 50, na likaongeza kwamba kushuka chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Chupa moja ya plastiki imekwisha kuvuka kiwango hicho cha juu, kabla hujahesabu chai ya asubuhi.

Sasa anza kupunguza, na uanze na ile saa iliyo rahisi kuiacha. Ngumu kuliko zote iache mwisho. Anayekunywa chupa kadhaa za kola kwa siku asikate ghafla, kwa kuwa kola ina kafeini, takriban miligramu 34 katika chupa ya kioo, na mwili uliozoea kafeini ukinyimwa huleta maumivu ya kichwa yanayoanza ndani ya siku moja na yanayoweza kudumu siku kadhaa. Punguza chupa moja kila baada ya siku tatu au nne. Soda ya machungwa kwa kawaida haina kafeini, hivyo hiyo unaweza kuiacha kwa mkupuo.

Ushauri ambao huwa nausisitiza sana ni kuacha kwanza chupa ya plastiki na kubaki na ya kioo. Chupa ya kioo inarudi kwenye kreti, kwa hiyo unalazimika kuinywa palepale dukani na kuimaliza, ilhali ya plastiki unapanda nayo daladala na kuinywa kidogokidogo mpaka Mbagala. Kunywa kwa namna hiyo ndiko kunakoumiza meno zaidi, kwa sababu asidi ya soda hulainisha tabaka la juu la jino, na kila funda huanzisha kazi hiyo upya. Ukishakunywa, sukutua kwa maji, na usipige mswaki mpaka ipite nusu saa au zaidi.

Saa uliyoiondolea soda usiiache tupu. Katika joto la Dar es Salaam, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, maji ya uvuguvugu hayawezi kushindana na chupa iliyotoka frijini, hivyo maji yako nayo yawe ya baridi: yachemshe, yapoe, uyaweke mtungini au frijini, na ukipenda utie vipande vya limau, tango au mchaichai. Dafu la muuzaji mwenye baiskeli lina sukari, lakini ni kidogo sana ukililinganisha na soda. Tahadhari ninayotoa ni kuhusu juisi ya miwa, ambayo ni sukari tupu, na juisi za ukwaju na ubuyu ambazo wauzaji huzijaza sukari. Muombe muuzaji akutilie isiyo na sukari, na kama hana, uache. Vinywaji vya kuongeza nguvu usivifikirie kabisa. Soda zisizo na sukari zinaweza kukuvusha wiki mbili tatu, ila asidi yake bado ipo.

Mweleze mwenye duka pia. Mimi nilimwambia, “Mangi, kuanzia leo nikija nipe maji ya baridi, hata nikikuomba soda.” Alicheka, lakini alilishika neno langu kuliko nilivyolishika mwenyewe.

Ugenini kuna ugumu wake, maana kwetu mgeni hajakaa vizuri, mtoto amekwisha kutumwa dukani. Sema mapema, baada ya salamu tu: “Nashukuru sana, mama, ila leo naomba maji ya kunywa.” Kama chupa imekwisha kufunguliwa, inywe kwa moyo mweupe, hiyo ni ya ugeni, haihesabiwi pamoja na zile za kila siku.

Anayetumia insulini au dawa nyingine za kushusha sukari azungumze kwanza na wahudumu wa kliniki yake kabla ya kubadili anachokunywa. Na kama kiu haiishi hata ukinywa maji mengi, na unaamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, nenda ukapime sukari mapema.

Ukiteleza, rudi kwenye daftari uone ni saa ipi. Mara nyingi utakuta ni siku ambayo chupa ya maji ilisahaulika nyumbani, ukafika kituoni Kimara huna kitu mkononi na friji ya duka iko mbele yako. Jaza chupa hiyo usiku, na asubuhi unapoitoa frijini iweke mlangoni juu ya viatu utakavyovaa.